Wizi wa utambulisho

Wizi wa utambulisho ni kitendo cha kutumia taarifa za mtu mwingine bila idhini yake ili kujifanya mtu huyo. Taarifa hizo zinaweza kuwa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, picha, cheti cha shule, alama za vidole au neno la siri. Lengo la mwizi mara nyingi ni fedha, lakini anaweza pia kutafuta ajira, matibabu, laini ya simu au njia ya kukwepa mkono wa sheria.

Wizi huu unatofautiana na wizi wa kawaida kwa sababu mwenye mali haoni pengo lolote. Kitambulisho chake bado kimo mfukoni na jina lake bado ni lake. Kwa kawaida hugundua baadaye, pale anapodaiwa mkopo ambao hakuukopa, anapokuta akaunti yake haina kitu, au anapoitwa polisi kwa kosa lililofanywa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Hapo ndipo hulazimika kuthibitisha jambo ambalo hakuwahi kufikiri lingehitaji ushahidi: kwamba yeye ndiye yeye, na kwamba yule mwingine hakuwa yeye.

Kutambulisha na kuthibitisha

Ili kuelewa jinsi wizi huu unavyowezekana, ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kumtambulisha mtu na kumthibitisha.

Taarifa za kutambulisha husema mtu anayezungumziwa ni nani kati ya watu wengi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na namba ya kitambulisho ziko katika kundi hili. Hazikuundwa kuwa siri. Mwajiri anazo, shule inazo, hospitali inazo, benki inazo, na katika miji mingi hata mlinzi wa getini ameziandika katika daftari la wageni. Nchini Tanzania, namba ya kitambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mhusika. Anayeiona namba hiyo tayari ameijua na tarehe ya kuzaliwa.

Taarifa za kuthibitisha ni zile zinazoonyesha kwamba mtu aliyepo ndiye mwenye jina lililotajwa. Miongoni mwake kuna namba ya siri, neno la siri, msimbo wa mara moja unaotumwa kwa simu, sahihi, sura na alama ya kidole.

Wizi wa utambulisho hustawi pale taarifa za kundi la kwanza zinapopewa kazi ya kundi la pili. Mhudumu anayeuliza kwa simu jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, kisha akakubali kwamba anazungumza na mwenye akaunti, amethibitisha jambo moja tu: kwamba aliyepiga simu anazijua taarifa hizo. Hajathibitisha kwamba ni zake.

Historia

Kujifanya mtu mwingine ni jambo la zamani kuliko vitambulisho vyenyewe. Kesi inayojulikana sana ni ya Martin Guerre, mkulima wa kijiji cha Artigat kusini mwa Ufaransa, aliyeondoka nyumbani mwaka 1548. Mnamo 1556 alifika mtu aliyedai kuwa ndiye Martin. Alipokelewa, akaishi na mke wa Martin na kutumia mali yake kwa miaka kadhaa. Mahakama ilikuwa bado inasikiliza kesi yake mwaka 1560 pale Martin halisi aliporudi. Mdanganyifu, aliyeitwa Arnaud du Tilh, alinyongwa mwaka huohuo. Katika kijiji hicho uthibitisho ulikuwa kumbukumbu za watu, na mdanganyifu alifaulu kwa sababu alijua mambo mengi ya maisha ya mwenzake.

Katika karne ya 20 serikali zilianza kumpa kila raia namba. Marekani ilianza kutoa namba za hifadhi ya jamii mwaka 1936. Mwaka 1938 kiwanda kimoja cha pochi katika mji wa Lockport, jimbo la New York, kiliweka ndani ya pochi zake kadi ya mfano ili kuonyesha kwamba kadi mpya za serikali zinaingia vizuri. Namba iliyochapwa kwenye kadi hiyo ilikuwa namba halisi ya katibu wa ofisi ya kiwanda. Pochi ziliuzwa katika maduka ya Woolworth nchini kote, na wanunuzi wengi walidhani kadi waliyoikuta ndani ni yao. Mwaka 1943 peke yake watu 5,755 walikuwa wakiitumia namba hiyo, na kwa miaka yote zaidi ya watu 40,000 waliitaja kuwa yao. Serikali iliifuta namba hiyo na kumpa katibu namba mpya. Wengi wa watu hao hawakuwa wezi, bali walichanganyikiwa tu. Hata hivyo tukio hilo lilionyesha mapema kwamba namba peke yake haithibitishi aliyeitoa.

Benki na kampuni za mikopo za Marekani ziliendelea kuitegemea namba hiyo kama ufunguo. Mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyofanya wizi wa utambulisho kuwa kosa la jinai la shirikisho. Kabla ya hapo aliyehesabiwa kuwa ameibiwa alikuwa zaidi benki iliyotoa mkopo, wakati mtu ambaye jina lake lilitumika alibaki kuhangaika mwenyewe. Mwezi wa Septemba 2017 kampuni ya Equifax, inayotunza kumbukumbu za mikopo, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika mifumo yake. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilichukuliwa, yakiwemo majina, tarehe za kuzaliwa, anwani na namba za hifadhi ya jamii. Wengi wao hawakuwahi kufungua akaunti kwa kampuni hiyo wala kuipa taarifa zao wenyewe.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki tatizo hili limechukua sura yake kutokana na simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007 na nchini Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo namba ya simu, ambayo zamani ilikuwa njia ya kumpata mtu tu, imekuwa pia akaunti ya fedha, mlango wa mikopo na njia ya kupokea misimbo ya benki. Anayeimiliki laini ya mtu anakuwa amekaribia sana kuyamiliki maisha yake ya kifedha.

Serikali zilijibu kwa kutaka kila laini isajiliwe. Nchini Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zilianza kuzimwa mwezi wa Januari 2020. Hatua hiyo ilipunguza laini zisizo na mwenyewe, lakini ilileta hatari nyingine. Mteja asiyefuatilia anaweza kuambiwa aweke kidole mara ya pili na ya tatu kwa madai kwamba "mtandao unasumbua", kumbe kila mara inasajiliwa laini nyingine kwa jina lake. Laini kama hizo zina thamani kwa matapeli, kwa sababu upelelezi ukifanyika jina linalopatikana ni la mtu asiyehusika.

Si kila wizi wa utambulisho hupitia simu. Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma umewabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki huohuo ulikuta pia vyeti halali vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Nchini Kenya, mwezi wa Juni 2021, wananchi wengi walipoangalia rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa kwa njia ya mtandao walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo.

Aina

Wizi wa fedha ndiyo aina ya kawaida zaidi. Mwizi hutoa pesa katika akaunti iliyopo, au hufungua akaunti mpya na kukopa kwa jina la mwingine. Mikopo ya mtandaoni hurahisisha jambo hili, kwa kuwa baadhi ya programu hutoa mkopo ndani ya dakika chache bila mkopaji kuonana na mtu yeyote.

Wizi wa utambulisho wa kijinai hutokea mtuhumiwa anapotaja jina la mtu mwingine mbele ya polisi, au anapofanya uhalifu kwa laini au akaunti yenye jina la mwingine.

Wizi wa utambulisho wa kitabibu ni kutumia kadi ya bima ya mwingine ili kutibiwa. Mara nyingi hufanyika kwa maelewano, ndugu akimwazima ndugu kadi yake kwa huruma. Hatari yake si ya kifedha peke yake. Kundi la damu, mzio na magonjwa ya aliyetibiwa huingia katika faili la mwenye kadi, na daktari atakayelisoma baadaye anaweza kumpa dawa isiyomfaa.

Wizi wa elimu na ajira ni kutumia cheti au jina la mwingine kusoma au kuajiriwa. Wako waliorudia darasa kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule, wakaendelea na jina hilo hadi kazini. Mwenye jina akija kuomba kazi au kusajiliwa miaka mingi baadaye, huambiwa kwamba mtu mwenye taarifa zake tayari yumo katika mfumo.

Kuteka akaunti za mitandao ya kijamii ni aina inayowagusa vijana na wazee vilevile. Aliyeiteka akaunti huwaandikia ndugu na marafiki wa mwenye akaunti akiomba msaada wa haraka wa fedha. Hapa kinachoibwa ni imani waliyo nayo watu kwa jina hilo.

Wizi wa utambulisho wa watoto na wa marehemu hutumia majina ya watu wasioweza kufuatilia taarifa zao wenyewe, hivyo unaweza kuchukua muda mrefu kugunduliwa.

Jinsi taarifa zinavyopatikana

Watu wengi hufikiri kwamba taarifa huibwa na wadukuzi wenye ujuzi mkubwa wa kompyuta. Udukuzi upo, lakini sehemu kubwa ya taarifa hutolewa na wenyewe au huachwa wazi katika shughuli za kila siku.

Katika steshenari, mteja hutuma picha ya kitambulisho, vyeti na wasifu wake kwa simu au barua pepe ya dukani ili vichapwe. Akishalipa na kuondoka, mafaili hubaki kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Nakala zilizotoka vibaya hutupwa au hufungia bidhaa sokoni. Madaftari ya wageni katika majengo na ya miamala kwa wakala huonyesha majina na namba za wote waliotangulia kwa kila anayeandika baada yao.

Mitandao ya kijamii hutoa mengine. Salamu za siku ya kuzaliwa hutaja tarehe. Picha ya mahafali huonyesha cheti, na picha ya furaha ya kupata kitambulisho au tiketi ya ndege huonyesha namba. Jina la mama, la shule ya msingi au la kijiji cha asili, ambalo baadhi ya mifumo hulitumia kama swali la usalama, hupatikana bila shida.

Hadaa ni njia ya kumfanya mtu atoe siri yake kwa hiari. Tapeli hupiga simu akijitambulisha kuwa anatoka huduma kwa wateja, benki au ofisi ya serikali. Humtajia mteja jina lake kamili ili aaminike, kisha huleta habari ya kumshtua au kumfurahisha: akaunti inafungwa leo, kuna zawadi, pesa zimetumwa kimakosa. Mwisho wa mazungumzo daima ni uleule, yaani mteja anatakiwa kutaja namba ya siri, kusoma msimbo uliotumwa kwenye simu yake, au kubonyeza tarakimu anazoelekezwa. Ujumbe wenye kiungo cha tovuti ya kuiga hufanya kazi hiyohiyo kwa maandishi.

Programu za simu zisizoaminika nazo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa, ujumbe mfupi na picha. Anayekubali bila kusoma huwa ametoa pia taarifa za watu wengine ambao hawakuulizwa.

Kunyang'anywa namba ya simu

Njia inayostahili kuelezwa peke yake ni ile ya kuhamisha namba ya mtu kwenda kwenye laini nyingine. Huduma yenyewe ni halali na ya lazima: mtu aliyepoteza simu anahitaji kupata laini mpya yenye namba yake ya zamani. Mwizi hutumia mlango huohuo. Akiwa na jina, namba ya kitambulisho na taarifa chache za matumizi ya karibuni, hudai kwamba laini imepotea, au hushirikiana na mtu wa ndani mwenye uwezo wa kubadilisha laini.

Laini mpya ikiwashwa, ile ya mwenyewe hupoteza mtandao. Tangu dakika hiyo simu na ujumbe wake wote, pamoja na misimbo ya benki na ya kufungua barua pepe, huenda kwa mwizi. Laini peke yake haitoshi kutoa pesa za simu, kwa sababu namba ya siri bado inahitajika. Ndiyo maana mara nyingi tukio hutanguliwa na simu ya hadaa siku chache kabla, au hufuatiwa na jaribio la kubadilisha namba ya siri.

Tatizo hili haliwapati wasiojua teknolojia tu. Mwezi wa Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Twitter, ilitekwa kwenye mtandao wake mwenyewe baada ya namba yake ya simu kuhamishiwa kwa watu wengine.

Dalili

Dalili zifuatazo hazithibitishi wizi, lakini kila moja inahitaji kufuatiliwa siku hiyohiyo:

- Simu kukosa mtandao ghafla kwa muda mrefu wakati watu wa karibu wenye mtandao huohuo wanaupata.
- Kupokea misimbo ya uthibitisho ambayo mtu hakuiomba.
- Kupokea madai ya mkopo, au simu za kumdai mtu asiyejulikana.
- Neno la siri la barua pepe au mtandao wa kijamii kukataa bila sababu.
- Kuambiwa katika ofisi kwamba namba ya kitambulisho "tayari imetumika".
- Marafiki kuuliza kuhusu ujumbe ambao mtu hakuutuma.

Kinga

Hakuna anayeweza kuficha jina lake na namba zake zote, na kujaribu kufanya hivyo kungemzuia kupata huduma. Kinga inayofaa ni kupunguza taarifa zinazosambaa na, zaidi ya hapo, kulinda kwa nguvu zile za kuthibitisha.

Kanuni ya kwanza ni kwamba namba ya siri na msimbo wa mara moja hazitajwi kwa mtu yeyote, kwa simu wala kwa maandishi. Msimbo hutumwa ili mwenyewe auingize mahali anapoingia. Mtu mwingine anayeuomba anaomba kuingia yeye. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho ambacho mwizi wa pochi atakuwa nacho mkononi.

Kanuni ya pili ni kukata simu na kupiga upya. Aliyepigiwa na mtu anayedai kutoka benki au kampuni ya simu anaweza kukata kwa adabu, kisha kupiga mwenyewe namba rasmi anayoijua. Kampuni ya Safaricom ya Kenya, kwa mfano, imewatangazia wateja wake kwamba inawapigia kwa namba 0722 000 000 pekee. Vivyo hivyo ndugu akiandika kuomba pesa, inafaa kumpigia na kusikia sauti yake kabla ya kutuma, na kumuuliza jambo ambalo mgeni hawezi kulijua.

Kanuni ya tatu ni kuhakiki laini. Katika Tanzania, kupiga *106# humwezesha mtu kuangalia usajili wa laini kwa kitambulisho chake. Nchini Kenya wateja wa Safaricom hutumia namba hiyohiyo kuona laini zilizosajiliwa kwa majina yao, na wanaweza kupiga *100*100# ili kuzuia laini yao isibadilishwe kwa mbali. Laini isiyojulikana ikionekana, inapaswa kufutwa katika duka la kampuni husika. Wakati wa kusajili laini, mteja anapaswa kuuliza sababu kila anapoambiwa kurudia kuweka kidole, na kuhakiki idadi ya laini zake siku hiyo.

Kanuni ya nne ni kuongeza hatua ya pili ya uthibitisho. Barua pepe hustahili ulinzi wa kwanza, kwa sababu anayeishika anaweza kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine zote. Programu ya kuzalisha misimbo ndani ya simu ni salama kuliko msimbo wa ujumbe mfupi, kwa kuwa haihami pamoja na laini. Katika WhatsApp, namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili humzuia aliyepata msimbo wa ujumbe mfupi asiimalizie kazi yake. Kila akaunti muhimu iwe na neno lake la siri, ili moja likivuja mengine yasalimike.

Kanuni ya tano inahusu karatasi na nakala. Kwenye nakala ya kitambulisho inafaa kuandika juu ya maandishi yaliyopo kazi ya nakala hiyo na tarehe, kwa mfano "kwa ajili ya mkataba wa nyumba tu", ili isitumike kwingine. Mafaili yaliyotumwa steshenari yafutwe mbele ya mteja, pamoja na yaliyo kwenye kapu la kompyuta. Nakala zilizoharibika zichanwe. Getini, pale mlinzi anapotaka kuacha kitambulisho cha taifa, mgeni anaweza kuomba kuacha kadi nyingine isiyofungua huduma za fedha.

Katika familia, ni vema mzee anayesaidiwa kutumia simu ya pesa awe na msaidizi mmoja anayeaminika, badala ya kumtajia namba ya siri kila kijana anayepita. Ni vema pia kumweleza kwamba kukata simu ya mtu asiyemjua si kukosa adabu.

Hatua za kuchukua baada ya kuibiwa

Katika wizi huu muda una thamani kuliko maelezo. Hatua huchukuliwa kwa mpangilio wa kile kinachoweza kupotea kwanza.

1. Kutumia simu ya mtu mwingine kupiga kampuni ya simu na kufunga laini, kisha benki na kuzuia akaunti na kadi.
2. Kubadilisha neno la siri la barua pepe, halafu la akaunti nyingine, na kuondoa vifaa visivyojulikana.
3. Kuwatangazia ndugu na vikundi kwamba akaunti imetekwa, ili wasitume pesa.
4. Kuripoti polisi na kupata namba ya jalada au, nchini Kenya, namba ya kitabu cha matukio na hati ya polisi inayojulikana kama "abstract". Kitambulisho kilichopotea kiripotiwe hata kama hakuna pesa iliyochukuliwa, kwa kuwa tarehe ya ripoti hiyo inaweza kuja kuwa ndiyo utetezi wa mwenyewe.
5. Kuhifadhi ushahidi: ujumbe, namba zilizopiga, risiti za miamala, saa na tarehe. Ujumbe wa tapeli usifutwe kwa hasira.
6. Kuripoti namba ya tapeli. Tanzania hutumia namba 15040 kwa taarifa za ujumbe wa kitapeli, na wateja wa Safaricom nchini Kenya hutuma kwa 333.
7. Kuandika barua kwa taasisi iliyotoa mkopo au huduma kwa jina la mwathirika, kukana muamala na kuomba nakala ya nyaraka zilizotumika. Nyaraka hizo ndizo zinazoonyesha sahihi, picha au kidole kisicho chake.
8. Kuomba taarifa ya mikopo. Nchini Kenya kila mtu ana haki ya kupata taarifa hiyo bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, na anaweza kupinga kilichoandikwa kimakosa. Kwa wanaoishi Marekani, tangu Septemba 2018 kufunga kumbukumbu za mikopo ili mkopo mpya usitolewe ni bure.

Wengi hawaripoti kwa sababu ya aibu, wakiona kwamba wamefanywa wajinga. Ukimya huo humsaidia mwizi: namba yake hubaki hewani, na anayefuata hudanganywa kwa maneno yaleyale.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza katika kifungu cha 15 kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi kukusanya taarifa kwa kusudi maalumu na kuzilinda, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Nchini Kenya, kifungu cha 29 cha sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao kinataja wizi wa utambulisho moja kwa moja. Kiliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 iliunda ofisi ya Kamishna wa Data. Uganda nayo ilipitisha sheria ya ulinzi wa data na faragha mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021.

Wajibu wa taasisi

Ushauri kuhusu wizi wa utambulisho kwa kawaida huelekezwa kwa mwananchi, kana kwamba yeye ndiye mlinzi pekee wa jina lake. Lakini mwananchi hakutoa mkopo kwa mtu asiyemwona, hakubadilisha laini bila kumkagua mwombaji, na hakuacha madaftari ya majina wazi mezani. Taasisi inayodanganywa kwa jina la mtu imeshindwa kumthibitisha aliye mbele yake, na swali la msingi katika kila kesi ni nani abebe hasara ya kosa hilo.

Pale hasara inapoangukia mwenye jina, taasisi haina sababu kubwa ya kubadilisha taratibu zake. Pale inapobebwa na aliyeshindwa kuthibitisha, hatua kama kuchelewesha miamala mikubwa baada ya laini kubadilishwa, kumwarifu mteja kabla ya kuihamisha namba yake na kukusanya taarifa chache tu zinazohitajika huwa na faida kwa taasisi yenyewe. Kwa sababu hiyo barua ya mwathirika anayekana mkopo haipaswi kuwa ombi la kusamehewa deni. Ni madai kwamba aliyetoa fedha aonyeshe alimpa nani.